Thamani ya Mazungumzo ya Wasafiri: Ushahidi wa Bagamoyo na Pwani ya Mrima

Katika miji ya Mrima, kuanzia Mbweni na Kunduchi mpaka Bagamoyo, Winde, Saadani, Pangani na Tanga, msafiri aliyerudi kutoka bara katika karne ya 19 hakupokewa kwa maji na chakula tu, bali kwa maswali pia. Waliomzunguka hawakumwuliza kwa kujifurahisha. Mmoja alikuwa na bidhaa zake njiani. Wa pili alikuwa na ndugu aliyechukua mzigo mpaka Unyanyembe na bado hajarejea. Wa tatu alikuwa akijiandaa kuondoka mwezi wa mbele, naye alitaka kujua ni visima vipi vyenye maji na hongo ya Ugogo imefika doti ngapi. Kwa watu hao habari ya uongo, au habari ya kweli iliyoeleweka vibaya, iliweza kugharimu mali, na mara nyingine roho za watu.

Waandishi wa historia wameyataja mara nyingi mazungumzo ya namna hiyo kuwa ni chanzo cha maarifa ya jiografia. Ni mara chache, hata hivyo, yameangaliwa kama mazungumzo, yaani kazi ifanywayo na watu kadhaa pamoja, kwa lugha fulani na kwa kanuni zake. Swali linalochunguzwa hapa ni hili: ni kitu gani kilichoyapa mazungumzo ya wasafiri thamani, hata mtu akaweza kuyategemea? Methali yasema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Methali hiyo ni njema, lakini mambo yaliyotokea pwani hii yaonyesha kwamba wingi wa wasemaji peke yake hautoshi. Neno moja kubwa liliharibika ingawa waliolisema walikuwa wengi, nalo likatengenezwa katika baraza ya watu wachache. Tofauti ilikuwa katika jinsi ya kusemezana.

Bagamoyo, mahali pa kutua mzigo

Mji wa Bagamoyo uko kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, ukielekeana na kisiwa cha Unguja. Kabla yake ulikuwapo mji wa Kaole, kilometa chache kusini, ambao magofu yake ya misikiti na makaburi yangali yakionekana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Bagamoyo ndio uliokuwa mlango mkuu wa njia ya kati, iliyopita Usagara na Ugogo mpaka Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo, na kutoka huko mpaka Ujiji. Wajerumani waliufanya makao ya serikali yao mpaka mwaka 1891, makao hayo yalipohamishiwa Dar es Salaam.

Watu wa aina tatu walikutana humo. Wa kwanza ni wapagazi wa Kinyamwezi, walioshuka na pembe za ndovu wakangoja mizigo ya nguo, shanga na nyaya za kurudi nayo. Wa pili ni waungwana wa Mrima, waliokwenda bara kama wafanyabiashara, viongozi wa misafara au askari. Wa tatu ni wenye mitaji, Waarabu na Wahindi, ambao wengi wao hawakuiacha pwani, ila fedha zao ndizo zilizosafiri. Mnyamwezi alizijua njia za kwao, wala hakujua bei ya pembe Unguja. Mhindi aliijua bei, wala hakujua kwa nini msafara wake umechelewa. Mwungwana alijua kidogo cha hiki na kidogo cha kile. Hapana hata mmoja aliyekuwa na habari yote, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mazungumzo kuwa na thamani: kila mmoja alikuwa na upungufu ambao mwenziwe aliweza kuujaza. Mahali ambapo wote wanajua jambo lile lile, husimuliana tu.

Jina la mji nalo huelezwa kwa namna mbili. Wako wasemao kwamba latokana na furaha ya mpagazi aliyefika mwisho wa njia akaubwaga moyo wake pamoja na mzigo. Wako wasemao kwamba ni kilio cha mtumwa aliyefikishwa baharini akakata tamaa. Kwa upande wa lugha yafaa kutambua kwamba kubwaga ni kitendo cha mchukuzi: ni kuutupa mzigo chini kwa mara moja pasipo kuutelemsha taratibu. Maelezo yote mawili yanatoka katika safari ile ile, lakini kwa mabega mbalimbali.

Ramani ya ziwa moja

Mwaka 1854 mmisionari Jakob Erhardt, mwenzi wa Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliokuwa wakifanya kazi karibu na Mombasa, alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Huko aliwauliza wafanyabiashara waliopata kwenda bara: walitoka mji gani, walikwenda siku ngapi, waliona nini. Yeye na Rebmann wakayalinganisha maelezo hayo na yale waliyoyasikia Mombasa, wakachora ramani iliyochapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Katikati ya ramani hiyo palikuwa na ziwa moja kubwa kupita kiasi, lililoanzia karibu na ikweta likashuka kusini mpaka nchi za Nyasa. Wataalamu wa London waliicheka ramani ile kwa sababu ziwa lake lilifanana na konokono asiye na nyumba.

Hoja ya wamisionari ilikuwa na akili ndani yake. Walioondoka Kilwa wakaelekea magharibi walisema kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Walioondoka Bagamoyo walisema hivyo hivyo, na walioshika njia za kaskazini vile vile. Basi ikiwa njia zote zinaishia majini, maji hayo lazima yawe mamoja. Leo twajua kwamba wa kwanza walikuwa wakisema habari za Nyasa, wa pili za Tanganyika, na wa tatu za Nyanza. Kila shahidi alisema kweli. Jumla ya kweli hizo ndiyo iliyotoka uongo.

Sehemu ya kosa ni ya lugha. Maneno Nyasa, Nyanja na Nyanza yana shina moja katika lugha za Kibantu, nayo maana yake ni maji mengi, ziwa au mto mkubwa. Ni jina la kawaida, kama vile "mlima" au "mji". Mgeni aliyelisikia kwa watu wa njia tatu alidhani kwamba ni jina la pekee la mahali pamoja. Tena Kiswahili hupambanua bahari na ziwa, lakini mtu wa pwani atakapo kuonyesha ukubwa wa maji asiyoiona ng'ambo yake huweza kuyaita bahari, kwa kuwa hilo ndilo kubwa alijualo. Neno la Kiarabu lililozaa hili la kwetu ni pana zaidi, kwani huingiza pia mto mkubwa. Kwa hiyo neno lilipopita kutoka kwa Mnyamwezi hata kwa Mswahili, kisha kwa Mwarabu, kisha kwa Mzungu, umbo lake lilibaki na maana yake ikahama.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya kosa haikuwa ya maneno. Wasafiri wale waliulizwa kila mtu peke yake. Kazi ya kuunganisha kauli zao ilifanywa na watu wawili ambao hawakupata kuipita hata moja ya njia hizo. Lau mtu aliyefika Nyasa na mtu aliyefika Ujiji wangaliketi jamvi moja, swali jepesi lingalitosha: ulipovuka maji yale, ulifika nchi ya nani? Majibu yangaliachana papo hapo, na ziwa lile lisingalichorwa. Wamisionari walikusanya kauli nyingi kwa bidii na kwa uaminifu, lakini hawakupata majadiliano, kwa kuwa kauli zilizokusanywa hazijibizani zenyewe.

Baraza ya Kazeh

Ramani hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kuwatuma Richard Burton na John Hanning Speke. Wapelelezi hao waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh katika Unyanyembe tarehe 7 Novemba. Mwenyeji wao huko alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa asili ya Oman. Speke aliikunjua ramani ya wamisionari mbele yake akamwuliza Nyasa yake iko wapi. Snay akajibu kwamba Nyasa ni mbali na ziwa la Ujiji, nayo iko upande wa kusini. Tena upande wa kaskazini liko ziwa jingine, kubwa kuliko la Ujiji. Hivyo, katika mazungumzo ya muda mfupi, ziwa moja lilikuwa matatu. Wapelelezi walifika Ujiji tarehe 13 Februari 1858, na Speke akaliona ziwa la kaskazini kwa macho yake tarehe 3 Agosti ya mwaka huo.

Kwa nini baraza ya Kazeh ilifaulu ambapo maswali ya Tanga yalishindwa? Si kwamba Snay bin Amir alikuwa mkweli kuliko wale wa kwanza. Sababu moja ni mahali. Unyanyembe ndiko njia zilikogawanyika, moja ikienda magharibi mpaka Ujiji, na nyingine ikipanda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Waliorudi kwa njia zote mbili walipita hapo, na habari zao ziligongana barazani kila msimu. Habari aliyoitoa Snay ilikwisha kupingwa na kusahihishwa mara nyingi kabla wageni hawajaisikia.

Sababu nyingine ni namna ya swali. Mtu akiulizwa, "Huko bara kuna nini?" hutoa hadithi. Akionyeshwa neno lililokwisha kukatwa, akaulizwa kama ni kweli, hutoa sahihisho. Ramani ya Erhardt na Rebmann, pamoja na kosa lake, ndiyo iliyolifanya jibu la Snay liwe wazi. Hapa pana jambo la kuwapa haki wamisionari wale: waliyaandika madai yao kwa uwazi kiasi kwamba mtu aliyejua zaidi aliweza kuweka kidole chake mahali palipopotoka. Madai yasiyo na umbo hayawezi kusahihishwa na mtu yeyote.

Wala asisahauliwe mtu wa katikati. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Maneno yake kwa watu wa nchi aghalabu yalipita kwa Kihindustani mpaka kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni akaishi India, naye ndiye aliyeyageuza kuwa Kiswahili. Burton aliposhindana na Speke baadaye alidai kwamba baadhi ya habari ziliharibikia katika mnyororo huo wa lugha. Madai hayo yalikuwa na ubishi ndani yake, lakini hoja ya msingi ni sahihi: thamani ya habari haiwezi kupimwa kama haijulikani imepita katika lugha ngapi.

Mto utokao na mto uingiao

Mfano wa pili waonyesha kwamba hata baraza yaweza kushindwa ikiwa msikilizaji ana haja yake moyoni. Machi 1858 Speke alivuka Tanganyika mpaka kisiwa cha Kasenge, na huko mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim alimwambia kwamba kuna mto mkubwa unaotoka katika ziwa upande wa kaskazini. Habari hiyo ilikuwa na uzito mkuu, kwa maana kama mto unatoka, Tanganyika yaweza kuwa chemchemi ya Nile. Aprili ya mwaka huo Burton na Speke walifika Uvira, karibu na ncha ya ziwa. Wenyeji, wakiwamo wana wa mtawala wa huko, waliwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wapelelezi hawakuweza kufika mdomoni mwa mto kuhakikisha.

Hapa palikuwa na kauli mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mtu mwenye heshima, msafiri mwenzao. Ya pili ilitoka kwa watu wanaoishi kando ya mto wenyewe. Burton aliikubali ya wenyeji kwa huzuni. Lakini baadaye, alipokuwa katika mabishano na Speke juu ya Nile, aliirudia tena hoja ya kwamba mto unatoka. Mwishoni mwa 1871 Henry Morton Stanley na David Livingstone walikwenda mpaka mdomoni mwa Rusizi wakauona ukiingia ziwani, kama walivyosema watu wa Uvira miaka 13 kabla. Katika jamii yoyote ya wasafiri kuna hatari hii: neno la msafiri mwenzetu huonekana zito kuliko neno la mwenyeji, kwa sababu tu msafiri husema kwa namna tuliyoizoea.

Lugha yenyewe ina mitego ya jinsi hiyo. Mtu akisema, "Njia hii hutokea sokoni," anamaanisha kwamba mwisho wake ni sokoni. Akisema, "Moshi hutokea jikoni," anamaanisha kwamba mwanzo wake ni jikoni. Basi msemo "mto hutokea ziwani" waweza kubeba maana zote mbili, na ni swali la pili tu litakaloamua: maji yanakwenda wapi?

Mabishano hayo yalizaa na kosa la kinyume. Mwaka 1864 Burton alishikilia kwamba Nyanza ya Speke huenda si ziwa moja bali ni maziwa kadhaa. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akalizunguka ziwa hilo kwa mashua mwaka 1875, akathibitisha kwamba ni moja. Kwanza maziwa matatu yaliunganishwa kuwa moja, kisha moja likataka kugawanywa. Na mara zote mbili uamuzi ulifanywa mbali na watu waliovua samaki katika maji hayo.

Alama za ushahidi katika Kiswahili

Kiswahili hakina viambishi maalumu vya kuonyesha kama msemaji aliona jambo au aliambiwa, kama zilivyo navyo baadhi ya lugha za dunia. Pamoja na hayo, mzungumzaji mwangalifu ana njia nyingi za kulitia neno lake alama ya chanzo chake. Husema "nasikia", "wasema", "yasemekana", "niliona kwa macho yangu", "niliambiwa na mtu aliyetoka huko". Kusikia si kuona, nao waungwana wa Mrima walikuwa na maneno ya kutosha ya kuvitenga viwili hivyo.

Alama zilizo nyeti zaidi zimo katika vitenzi. Mtu akisema, "Walitutoza doti kumi," anatoa habari ya siku moja. Akisema, "Hutoza doti kumi," amekwisha kuitoa kanuni. Tofauti ya -li- na hu- ni tofauti ya shahidi na hakimu. Msafiri aliyepita mara moja hana haki ya kutumia hu-, isipokuwa kama aliuliza na wengine. Na wasikilizaji wenye uzoefu, wakiisikia hu- hiyo, wangeuliza: ulipita mara ngapi?

Kiambishi -me- kina hatari yake. "Kisima kimekauka" ni habari ya kweli kwa aliyekiona juzi. Lakini mtu aliyeiacha nchi hiyo miezi mitatu iliyopita, akaisema sentensi ile ile Bagamoyo, ameihamisha hali ya wakati ule ikawa ya leo. Usemi ulio sawa ni "tulikikuta kimekauka". Maneno mawili hayo yanatenga siku ya kuona na siku ya kusema, na katika jangwa kama Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, tofauti hiyo ilikuwa tofauti ya kuchukua maji au kutochukua. Jina hilo la Mgunda Mkali lenyewe, pamoja na lile la Marenga Mkali, yaani maji makali, ni habari za wasafiri zilizoganda zikawa majina, ili ajaye asihitaji kuuliza.

Vipimo navyo vilihitaji kufafanuliwa. Njia ilihesabiwa kwa siku za mwendo, si kwa maili. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka Kaole mpaka Kazeh mwaka 1857. Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni, yapata miezi mitatu. Kwa hiyo atakaye kuifahamu hesabu ya siku lazima aulize pia juu ya mizigo, maradhi, mvua na hongo.

Mwisho, kuna mambo ambayo lugha ya msemaji haina jina lake. Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake hakuwa na neno la kuuita ila "baridi". W. D. Cooley, mtaalamu wa London ambaye hakupata kufika Afrika ya Mashariki, aliikana theluji hiyo. Walakini neno la yule kiongozi lilikuwa ushahidi bora kabisa, kwa kuwa alitaja alichokijua kwa ngozi yake, wala hakujitwika jina asilolijua. Msafiri asemaye kidogo kwa usahihi ana faida kuliko mwenye maneno ya kuazima.

Adabu ya kuuliza na ya kupinga

Mgeni akiulizwa, "Habari za safari?" hujibu, "Njema." Jibu hilo ni la heshima, si taarifa. Hata aliyefiwa na wenzake njiani huanza na "njema", kisha hufuata "ila" au "lakini", na habari yenyewe imo baada ya neno hilo. Asiyejua desturi hii akiandika jibu la kwanza akainuka kwenda zake, amebeba salamu akidhani kwamba ni habari. Subira ya kungoja "ila" ni sehemu ya elimu ya msikilizaji.

Kupinga nako kuna njia yake. Kijana hakumwambia mzee, "Si kweli." Alisema, "Ndivyo, mzee wangu, lakini sisi tulipita upande wa pili, tukakuta hivi." Katika usemi huo mna mambo matatu: heshima inabaki mahali pake, njia ya msemaji inatajwa, na tofauti inawekwa wazi bila ya kumwita mtu mwongo. Watu wa nje waweza kuona kwamba ni unyonge wa hoja. Kwa hakika ndiyo hoja iliyo imara, kwani inamweleza msikilizaji kwamba kauli zote mbili zaweza kuwa kweli kwa njia mbili mbalimbali. Lau kauli za Tanga zingalipewa nafasi ya kutiwa "lakini sisi tulipita upande wa pili", maziwa yangalihesabika.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba baraza zilikuwa safi siku zote. Mfanyabiashara alikuwa na sababu ya kuzidisha hatari za njia yake ili wengine wasiifuate, na mpagazi alikuwa na sababu ya kuurefusha mwendo ili ujira uongezwe. Kinga ilikuwa ni kujuana. Msemaji angeonekana tena msimu ujao mbele ya watu wale wale, na neno lake lingepimwa na waliolifuata. Njia ya mwongo ni fupi, hasa pale ambapo wasikilizaji nao watapita njia hiyo hiyo.

Mazungumzo yalipotiwa katika maandishi

Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Katika hicho cha kwanza mna Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Berlin, asimuliaye safari yake ya Udoe na Uzigua, na Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia. Kadhalika maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika kwa ombi la Heinrich Brode, yalichapishwa upya pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley kuwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959.

Maandishi haya ni hazina kubwa, lakini yafaa kukumbuka kilichopotea yalipoandikwa. Msimulizi yuko, wasikilizaji hawapo. Hatusikii ni nani aliyeguna, ni nani aliyeuliza "lini?", wala ni mahali gani msimulizi alipolazimika kurudi nyuma na kujisahihisha. Mfano wa kinyume wapatikana katika habari za Livingstone. Maiti yake ilifikishwa Bagamoyo Februari 1874, nayo ilikuwa imechukuliwa na watumishi wake kutoka mbali sana. Wawili kati yao, Susi na Chuma, walikwenda Uingereza mwaka huo wakaketi na Horace Waller alipokuwa akizitayarisha kwa kuchapishwa shajara za mwisho za bwana wao. Mahali maandishi yaliponyamaza, waliulizwa wakajibu. Hapo karatasi ililetwa mbele ya waliopita njia, kama ramani ilivyoletwa mbele ya Snay bin Amir, na faida ikaonekana tena.

Mambo ya kuzingatiwa na wachunguzi

Siku hizi habari za njia hupita kwa simu, na atakaye kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hahitaji kuuliza visima. Lakini wachunguzi wa Kiswahili wangali wakienda kwa wazee wa pwani na mabara kutafuta masimulizi ya safari, uvuvi, kilimo na uhamaji, na wengi hufanya kama alivyofanya Erhardt: humwuliza kila mzee peke yake, huinasa sauti yake, kisha huziunganisha kauli hizo mezani, mbali na wenyewe. Kazi hiyo yaweza kuwa ya uaminifu mtupu na bado ikachora ziwa moja mahali pa matatu.

Kutokana na ushahidi uliotangulia, mambo manne yanapasa kutiwa katika desturi ya uchunguzi. Kwanza, pamoja na kauli iandikwe njia ya msemaji: alipita wapi, lini, mara ngapi, na ni yapi aliyoyaona na yapi aliyoambiwa. Pili, swali liandikwe kama lilivyoulizwa, na lugha zote zilizopitiwa zitajwe, kwa kuwa jibu bila swali lake ni nusu ya habari. Tatu, wasimulizi waliopita njia mbalimbali wakutanishwe, na mabishano yao yasifutwe katika nakala ili masimulizi yaonekane laini, maana penye mabishano ndipo habari inapopimwa. Nne, mchunguzi akiisha kufanya hitimisho lake, alirudishe mbele ya wale waliompa habari, likiwa na umbo la wazi wanaloweza kulikataa.

La nne ndilo liachwalo mara nyingi zaidi, kwa sababu linagharimu nauli na muda, tena laweza kuivunja makala iliyokwisha kuandikwa. Lakini katika Kazeh ya 1857 ndilo lililofanya kazi yote: karatasi ilikunjuliwa mbele ya mtu aliyejua, naye akaachiwa nafasi ya kusema kwamba sivyo.